Besi Fupi na Vidole vya Mama Yako

Karatu, Jumatatu, saa tisa mchana

Mwanangu Paulina,

Watu wakianza barua huulizana hali kwanza. Mimi nimekusikia leo asubuhi ukigombana na jogoo jikoni, kwa hiyo najua u mzima. Mimi mwenyewe si mzima sana. Sina homa, tumbo haliniumi, lakini tangu jana saa nne asubuhi nimepigwa na butwaa na limekataa kunitoka. Nimekwenda bandani nikashika randa ili nijisahaulishe, nikaranda ubao wa mteja upande mmoja tu mpaka ukaharibika. Nimeuficha nyuma ya kuni.

Wewe na mama yako mmekwenda Mbulumbulu kumuaga bibi. Mtarudi jua likikaribia kuzama, na kesho alfajiri unapanda basi la Arusha. Kwa hiyo nina saa tatu hivi za kuandika jambo nililoshindwa kulisema kwa miaka tisa. Mdomoni halitoki. Leo nilijaribu kulisema mbele ya ng'ombe, nikaona haya hata mbele ya ng'ombe.

Habari za kufunga mlango, kuchemsha maji na kutomwachia mtu mzigo wako sitakuandikia. Mama yako ameshaanza kukueleza hayo tangu juzi, na nina hakika atakuwa bado anaeleza wakati basi linaondoka.

Nianze na jana. Kanisani nilichelewa, kama kawaida yangu, nikakuta pamejaa, nikasimama nje pale mlangoni pamoja na wavulana wasiotaka kuonekana wakisali. Kwaya ilikuwa imeshaanza. Nilisikia ngoma, nikasikia gitaa la solo, halafu chini yake nikasikia gitaa la besi. Paulina, moyo ulinilipuka. Mtu aliyechonga kitu kwa mkono wake hawezi kusahau sauti yake. Sauti ile nene, ya mviringo, iliyolegea kidogo kwa sababu waya zake ni fupi, nilikuwa sijaisikia kwa zaidi ya miaka kumi. Ilikuwa besi yangu. Besi ambayo kwa akili zangu ilikuwa darini inaliwa na mchwa.

Nikawasukuma wale wavulana, nikaingia. Na aliyeishika ni wewe.

Nisamehe, nilidhani unakwenda Arusha kuimba. Mjomba wako aliposema bendi yao inakuhitaji, nikasema moyoni, sauti ya mtoto huyu kweli ni nzuri, na atakaa nyumbani kwake, basi aende. Sikuuliza zaidi. Mimi nakaa kazini kule hotelini ukingoni mwa kreta, narudi nyumbani mara mbili kwa mwezi, nakuta ugali, nakuta salamu, naondoka. Mazoezi ya kwaya ni Jumatano. Kumbe Jumatano zote hizo mimi nisipokuwepo ulikuwa unapiga besi!

Lakini kukuona wewe ulikuwa mshtuko wa kwanza tu. Wa pili ulikuja mlipofika kwenye kile kibwagizo ambapo besi inapanda. Nikakaza meno. Nikajua sasa itaharibika, kwa maana gitaa lile ukipanda nalo shingoni linapotea njia, na ninayejua hivyo kuliko wote ni mimi. Ukapanda. Ukateleza hadi juu kabisa, ukashuka taratibu, na kila sauti ilikuwa mahali pake. Nilibaki nimeachama. Mzee mmoja akanisogezea benchi, akidhani nimeguswa na Roho.

Wa tatu ndio ulionimaliza. Baada ya ibada nilikuja kukupongeza, nikakukuta na yule mwalimu wa kwaya aliyekuja mgeni kutoka Mbulu. Alikuwa ameishika besi anaigeuza geuza. Akakuuliza, "Dada, mbona hili gitaa shingo yake tupu? Vile vyuma vya kuonyesha pa kubonyeza vimekwenda wapi?" Na wewe ukacheka, ukasema, "Aa mwalimu, vidole vya kwetu upande wa mama havifuati vyuma. Ni kasoro ya ukoo. Sisi tunatafuta kwa masikio." Halafu ukaongeza, na hapo hukucheka, "Sasa sijui Arusha nitafanyaje, maana besi ya bendi ina vyuma. Nitawaambia mapema wasije wakashangaa."

Nilikuwa nyuma yako hatua tatu. Uligeuka, ukaniona, ukasema, "Baba, umesikia?" Nikasema nimesikia, umepiga vizuri sana.

Jioni, mama yako akichambua maharage, nikamuuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua: "Vile vyuma vya besi, nani alivitoa?"

"Mimi," akasema. "Kwa koleo lako. Mwaka ule mpaka wa Kenya ulipofungwa mkawa hamna wageni huko kreta. Vidole si ulisema havifuati vyuma? Nikaona niondoe vyuma, nibaki na vidole."

Nikasema, "Aha." Halafu nikaomba chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yangu.

Sasa sikiliza, mwanangu. Nitakueleza yote.

Wewe ulikuwa mdogo, unaanza shule, wakati mimi napiga besi katika bendi yetu hapa Karatu. Vyombo vilikuwa vya Bwana Athumani, yule mwenye duka la vitambaa karibu na stendi, na yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wetu. Tulipiga kwenye harusi na sikukuu za mavuno, mara nyingine tulipanda hadi hotelini tukapiga mbele ya Wazungu waliochoka na vumbi. Besi ya Bwana Athumani ilikuwa ya dukani, ya shingo ndefu, nyekundu. Niliruhusiwa kuja nayo nyumbani kufanya mazoezi, na ndipo nilipogundua nimeoa mwanamuziki. Nikikosea, mama yako akiwa jikoni anaguna. Nikirudia makosa, anatoka na mwiko mkononi ananiimbia njia ya besi yote, kuanzia mwanzo. Siku moja nikampa ashike. Mkono wake haukufika mwisho wa shingo. Unamjua alivyo, ananifikia hapa begani. Alijinyoosha hadi gitaa likamwangukia mguuni, tukacheka sana siku ile.

Nikasema nitamchongea yake.

Na hapo ndipo kosa lilipoingia. Sisi maseremala wa huku, wa enzi zangu, hatukuwa watu wa futi na namba. Kitu ukikipenda unakipimia kijiti. Unakiweka kijiti juu ya kitu, unatia alama kwa kisu, unarudi nacho nyumbani. Milango yote ya kijiji chetu ina urefu mmoja kwa sababu imetoka kwenye kijiti kimoja cha babu yako, na ndiyo maana mjomba wako anajigonga kila nyumba. Basi nikakilaza kijiti juu ya ile besi nyekundu, nikatia alama kwa kila chuma, cha kwanza hadi cha mwisho. Shingo nikachonga kwa mti wa loliondo, mwili kwa mwerezi. Shingo nikaifupisha upana wa kiganja kizima, imfae mama yako. Vyuma nikakata spoki za baiskeli. Halafu nikavipanga juu ya shingo fupi kwa alama zilezile za shingo ndefu.

Wewe unapiga, kwa hiyo utaelewa kwa haraka kuliko nilivyoelewa mimi. Waya ukifupishwa, hatua zote juu yake zinapaswa kufupika pia. Mimi niliifupisha shingo, hatua nikaziacha ndefu. Chuma cha kwanza kilikosea kidogo sana, sikio linasamehe. Cha tatu kinakera. Ukifika cha tano umeshakaribia kuingia sauti nyingine kabisa, na huko juu zaidi ni vurugu tupu.

Mama yako alifurahi, Paulina. Sijawahi kumpa mtu kitu akafurahi vile. Alipiga zile sauti za chini chini, karibu na mwanzo wa shingo, siku nzima, wewe umekaa miguuni pake. Bwana Athumani alipita akamsikia, akasema, "Huyu mpe besi, wewe tukupe manyanga." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini nisikudanganye, nilichomwa.

Jumamosi iliyofuata Bwana Athumani alimwita mazoezini. Wimbo ulipopanda, mama yako akapanda nao, akabonyeza pale alipoonyeshwa na vyuma vyangu, na besi ikalia kama ng'ombe aliyekanyagwa. Akajaribu tena. Ikawa vilevile. Mpiga solo akaweka gitaa chini kwa kucheka. Bwana Athumani akaniangalia mimi, mimi fundi, anasubiri jibu. Nikasema, "Ni vidole vyake. Vidole vifupi havifuati vyuma."

Siku ile niliamini hivyo kwa moyo wote. Vyuma nilivipima mwenyewe kwa kijiti, sikuona vingekosea vipi. Alichokuja nacho yeye ni vidole. Mama yako akavitazama, akalifunga gitaa kwenye kanga, akarudi nyumbani kabla yetu.

Kama ningeishia hapo ningekuwa mtu aliyekosea tu, na barua hii ingekuwa fupi.

Habari za gitaa langu zilifika hotelini. Meneja akasema mtu anayeweza kuchonga gitaa anaweza kutengeneza chochote, akanipa kazi ya useremala ninayoifanya mpaka leo. Halafu mpaka ukafungwa, wageni wakaadimika, tukawa tunashinda tunatazama ukungu. Siku hizo akaja fundi wa redio na magitaa kutoka Moshi, ameitwa kutengeneza spika za ukumbini. Tukazoeana. Nikamwonyesha kijiti changu, kwa majivuno, nikamweleza jinsi nilivyochonga besi ya mke wangu.

Akakigeuza kijiti mkononi. "Shingo uliikata fupi?"

"Ndiyo."

"Na vyuma ukaweka kwa hiki?"

"Ndiyo."

Akacheka mpaka akakohoa. "Ndugu yangu, hilo gitaa halipigiki! Hata malaika akilishika haliwezi kuimba." Akachukua penseli, akanichorea. Akanionyesha jinsi hatua zinavyopungua, akanisaidia kutia alama kijiti kipya, kilicho sahihi, cha shingo fupi.

Niliona vidole vya mama yako, vile alivyovitazama siku ile. Nikakifunga kijiti kipya kwenye gazeti, nikasema Jumamosi nikirudi nitamwambia, nitang'oa vile vyuma na kupanga upya, kazi ya siku moja.

Jumamosi nilirudi. Nilikuta wageni. Safari iliyofuata mama yako aliumwa jino. Iliyofuata nikasema nitaanzaje, miezi imepita, ataniuliza mbona hukusema mwezi ule. Na nikaogopa habari zisije zikafika hotelini kwamba gitaa lililonipa kazi halipigiki. Kijiti kikakaa chini ya sanduku la zana, kwenye gazeti lake. Na mwaka huohuo, kama nilivyojua jana, yeye alikuwa nyumbani na koleo langu anang'oa spoki moja moja, anaziba nafasi kwa nta na unga wa mbao, anajifunza upya gizani kwa masikio. Alidhani anaficha kasoro yake. Mimi nilikuwa naficha yangu. Gitaa likitajwa nilibadilisha mazungumzo, na ninyi mkaona baba hapendi habari hizo, mkanyamaza.

Leo nimekaa hapa yananirudia yale ambayo sikuyaona. Mashine za kushonea zilipokuja kwa kina mama wa parokia, wote walijiandikisha isipokuwa yeye. "Mimi vidole vyangu havifuati," alisema, na mimi nilikuwa nakunywa chai, nikaendelea kunywa. Wewe ulipoangusha kibuyu cha maziwa, una miaka kumi na moja, alikwambia usilie, ni vidole vya kwetu, na mkacheka, na mimi nikacheka. Nilicheka, Paulina! Nilikuwa nimeshajua miaka miwili mizima.

Sikujua neno linaweza kutembea hivyo. Nililisema mara moja tu, Jumamosi moja, mbele ya watu sita. Likaingia kwa mama yako, likaenda hadi kwako, na kesho lilikuwa lipande basi liende Arusha nawe, ukawaambie watu wasiokujua kwamba una kasoro ya kuzaliwa.

Huna. Mama yako hana. Wala ukoo wake wote hauna.

Sina ushauri mwingi, na mtu wa aina yangu hapaswi kuwa nao. Lakini besi naijua kidogo. Watakupa ile ndefu, yenye vyuma. Mkono wa kushoto utakuuma wiki mbili, na hiyo ni misuli tu, wote inawauma. Bonyeza nyuma kidogo ya chuma, usibonyeze juu yake, na utashangaa jinsi ilivyo rahisi, kwa sababu wewe umefundishwa na mtu aliyezitafuta sauti zote bila kusaidiwa na kitu. Usiombe radhi kabla hujapiga. Hii yako fupi nenda nayo. Wakisema ni ya watoto, waache waisikie kwanza. Na ukikosea jambo, liseme siku ileile, hata kama sauti inatetemeka, hata kama kuna wageni. Hilo nakwambia kama mtu aliyejaribu njia nyingine.

Usinifikirie mtu mbaya kabisa, ingawa sitakulaumu ukifikiri hivyo hadi basi lifike Makuyuni.

Nasikia mbwa anabweka kwa furaha. Mmerudi. Nakwenda.

*

Saa kumi na mbili na nusu. Wewe uko kwa jirani unaagana na akina Veronika, nasikia vicheko vyenu.

Nimemwambia mama yako. Nilimkuta zizini anakamua. Nilikuwa nimejipangia maneno, yakanikimbia, nikamwonyesha tu vijiti viwili, nikaviweka sambamba juu ya boriti. Nikasema hiki ndicho nilichotumia, hiki ndicho kilichotakiwa. Vidole vyako havikuwa na neno. Ni mimi.

Hakuacha kukamua. Akauliza, "Ulijua lini?"

"Mwaka ule mpaka ulipofungwa."

Hapo mikono yake ikasimama. Nimeishi naye miaka ishirini na mbili, nimemwona akifiwa, nimemwona akijifungua, lakini uso ule sijawahi kuuona. "Mwaka ule niliotoa vyuma."

"Ndiyo."

"Na jana nimekwambia mwenyewe, ukaomba chumvi."

"Ndiyo."

Nikaanza kusema nisamehe. Akasema, "Subiri kwanza. Usinipe na hiyo nibebe." Akanyanyua ndoo, akaingia ndani, akanawa, akajifuta kwa kanga kidole kimoja kimoja, taratibu, kana kwamba ameviazima. Akaja mezani hapa nilipo. Akauliza barua hii ni ya nani, nikasema ya mtoto, yote nimeandika. Akataka nimsomee. Nimemsomea yote, pamoja na pale nilipochomwa. Nilimwomba akuambie yeye, maana anajua kusema. Akajibu hiyo si kazi yake, mwenye neno alichukue neno lake. Kwa hiyo utaisoma mwenyewe kwenye basi, na ukirudi Krismasi utaniuliza chochote, nitajibu.

Kisha akavuta karatasi moja tupu, akalaza juu yake mkono wa kushoto, ule unaobonyeza waya, vidole vimetanuka. Nikajua anataka uchorwe. Nikachukua penseli yangu ya useremala nimshike kiganja, akaniondoa.

"Wewe usinipime tena," akasema.

Akaichukua penseli, akajichora mwenyewe, kidole gumba hadi cha mwisho, bila kuinua mkono. Sasa yuko jikoni. Hasemi nami, na sijui ataanza lini. Besi ameiweka karibu na jiko, nje ya sanduku lake. Nimesikia waya mmoja, halafu mwingine, polepole, sauti ndogo isiyofika hata mlangoni.

Kijiti sahihi nimekiweka katika sanduku la besi, ndani ya gazeti lilelile. Cha makosa nabaki nacho. Ukurasa unaofuata hauna maneno, ni mkono wa mama yako. Ukifika Arusha, kabla hujaingia mazoezini, laza mkono wako juu yake uangalie.

Ni mimi baba yako